Magazeti Yaliyokatwa Vichwa

Ekero,
20 Januari 1997

Ishaq mwanangu,

Assalaam aleikum. Huku leo ni funga ya kumi na jua limeamua kushindana nasi. Kukhu yako, mama yangu, magoti yanamsumbua, kizingiti cha mlango sasa anakivuka kwa kushikwa mkono, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote. Anakuuliza kama huko Nairobi unapata futari ya maana au unafungulia chai ya ofisini. Laila wangu ameingia kidato cha pili na ameanza kunisahihisha Kiswahili. Miwa ya marehemu baba yako haijakatwa, na mvua ikija kabla ya tingatinga la kiwanda tutaitazama tu.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika. Unaniuliza nani alikuwa mkuu wa kituo cha polisi cha Njia Panda Machi 1993, halafu chini yake umeandika: "na Senge, umejuaje?"

Nimejuaje? Abdulfatah alikuwa baba yako, lakini kabla hajawa baba yako alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja, ndiyo maana mimi ni Senge, shangazi yako. Alitoka kusali tarawehe Alhamisi usiku, wakamkamata kwa miwa iliyochomwa ambayo hakuichoma, na alfajiri ya Ijumaa tuliitwa tukamchukue ndani ya blanketi la serikali. Aliyekuwa OCS ni Lazarus Andati. Ekero nzima inajua. Aliletwa wiki ile ile, mrefu, sauti ya mnadani, anafokea hadi wapita njia. Inspekta Were, aliyemtangulia, mtu wa watu, alikuwa ameshaondoka. Alikuja kwenye mazishi na shati la kiraia, kofia mkononi, akasimama nyuma kama sisi wengine. Polisi aliye kazini haji kwenye mazishi bila sare. Kwa hiyo andika Andati.

Unataka pia jina la gazeti, tarehe, ukurasa na toleo. Unajua unamwandikia nani? Nilianza na nakala tano nilizokopeshwa, nikiwa na darasa la sita na mtoto mgongoni. Leo nauza mia moja na arobaini kwa siku, Jumapili mia mbili na kumi, na sijawahi kuuza gazeti ambalo sijalisoma. Yaliyobaki bila kununuliwa ninayo stoo tangu mwaka wa tisini na moja. Ila hayatakusaidia, kwa sababu hayana vichwa.

Nikueleze, maana hamjui jinsi gazeti linavyorudi. Nakala isiyouzwa ajenti wa Kisumu anatufidia. Kurudisha mzigo mzima kwa basi ni hasara, kwa hiyo tunakata ule utepe wa juu wenye jina na tarehe, tunamtumia tepe, yeye anazihesabu. Wenzangu wanakata ukurasa wa kwanza peke yake, kwa mkasi, nakala moja moja. Mimi natumia panga la miwa: nakala kumi pigo moja, kurasa zote. Ndiyo maana mimi nina stoo na wao bado wana mkasi. Kiwiliwili kinachobaki nakitia stoo, na kidogo kidogo nawauzia wenye bucha na akina mama wa mandazi.

Kwa hiyo tarehe kwangu hutapata. Utapata Andati.

Senge wako,
Asiya


Nairobi,
2 Februari 1997

Senge yangu,

Waaleikum salaam, na Mungu azikubali funga zenu. Mwambie Kukhu kuna mama mmoja jirani hapa Pumwani anayeniletea uji na viazi kila magharibi kana kwamba amenizaa, na kwamba sijafungulia chai ya ofisini hata siku moja, isipokuwa Ijumaa mbili. Mwambie Laila asichoke kusahihisha.

Umekasirika, na nilijua utakasirika, ndiyo maana niliandika swali lile chini kabisa ya karatasi. Hebu nikueleze kazi yetu. Tunaandika kitabu cha watu waliofia mikononi mwa polisi: kituo, jina la mkuu wake, siku aliyoingia na siku aliyotoka. Basi. Lakini kila mstari una mwenzake chini yake, unaosema tumejuaje. Kama ni gazeti: lipi, la siku gani, toleo gani, ukurasa gani, nani alilisoma na lini. Kama ni mtu: nani, alisema lini, kwa nani, na alikuwa wapi alipoliona hilo analolisema. Mstari wa juu ukikosa wa chini, tunaufuta, hata kama sote tunauamini. Siku moja kuna wakili atakayesimama mahakamani na kuuliza, "mmejuaje?" Na huyo hatakuwa mtoto wa kaka yako.

Nimekwenda maktaba. Magazeti ya Machi 1993 yapo, yamejalidiwa vizuri, ila ni toleo la mjini. Yaliyopanda basi kuja kwetu yalikuwa toleo la kwanza, linalochapwa mapema, lenye ukurasa wa habari za Magharibi. Ukurasa huo maktaba haunao. OCS wa Njia Panda akifungua kisima au akitoa kombe, hiyo si habari ya Nairobi, kwa hiyo ilichapwa kwenye toleo la huko peke yake. Senge, inawezekana karatasi hizo ziko kwako tu.

Na gazeti lililokatwa kichwa halijafa. Tangazo la kifo lina siku ya mazishi. Mechi ina siku ya kuchezwa. Futari ina saa yake. Nakuomba utafute Machi 1993. Ukiona jina la OCS yeyote wa Njia Panda usinikatie kipande. Nitumie karatasi nzima, mbele na nyuma, wala usiandike kitu juu yake.

Umeniuliza kati ya mistari kama mimi ndiye nitakayeandika jina hilo kitabuni. Tutazungumza.

Ishaq


Ekero,
24 Februari 1997

Ishaq mwanangu,

Idi ilipita salama. Kukhu alisisitiza achinjwe ingokho wake, yule jogoo mwekundu, na alipokwisha kuliwa akaanza kumlilia. Mvua imekuja kabla ya tingatinga, kama nilivyosema.

Stoo nimeingia, nikiwa nimejifunga kanga puani. Mchwa wamesoma kuliko mimi. Nimepata Aprili ya tisini na mbili, nimepata Desemba yote ya uchaguzi, nimepata tisini na nne nzima. Machi unayoitaka bado. Kuna marundo mawili ya ukutani sijayagusa.

Lakini nimekupatia kitu kinachoshinda karatasi. Nimemuuliza Were mwenyewe.

Usishtuke. Alistaafu, anakaa Amalemba, na kila Alhamisi anapita hapa akienda kuangalia miwa yake. Hununua gazeti mezani kwangu, hulisoma akiwa amesimama, hunisalimia kwa jina la mtoto. Alhamisi iliyopita nikamwambia, "Afande, hebu nikumbushe, wewe uliondoka Njia Panda lini hasa?"

Akalikunja gazeti. "Mama Laila, mambo ya zamani unayatafutianga nini?"

Nikamwambia ni mtoto wa ndugu yangu, anaandika kitabu, anataka tarehe. Akacheka kidogo. Akasema, "Mwambie mwanzo wa Machi nilikuwa nimeshafunga masanduku. Andati ndiye alikuwa ameshika kila kitu." Kisha akaniuliza kitabu kitatoka lini, nikasema sijui, akaniuliza ofisi yenu iko mtaa gani, nikasema sijui vilevile. Akaenda zake. Chenji yake aliisahau mezani, mimi ndiye niliyemtunzia. Tangu nimfahamu hajawahi kusahau chenji.

Basi andika huo mstari wako wa chini: Inspekta Were, aliyekuwa mkuu, amesema kwa kinywa chake, tarehe 20 Februari 1997, saa tatu asubuhi, Ekero, kwa Asiya. Nani, lini, kwa nani, wapi. Nimekosa nini hapo?

Senge wako,
Asiya


Nairobi,
16 Machi 1997

Senge,

Salaam zako nimezipata, na habari ya jogoo nimewasomea wenzangu ofisini. Kwa niaba ya ofisi nzima, pole kwa Kukhu.

Ulivyoandika hukukosa kitu. Tumeuweka mstari huo kama ulivyo, ila tumeongeza maneno mawili: "akijieleza mwenyewe." Usikasirike. Tunayaweka kwa kila mtu anayetueleza alikuwa wapi siku ambayo jambo baya lilitokea, awe mkuu wa kituo, awe mchungaji. Hayamaanishi anasema uongo. Yanamaanisha kwamba akisema uongo, tunajua angekuwa anamlinda nani.

Sasa lile nililosema tutazungumza. Ukurasa wa Njia Panda si wangu. Mkubwa wetu alipoona jina la baba na jina langu yanafanana, aliuchukua kutoka mezani kwangu, akampa mwenzangu Edah. Nilikasirika siku mbili bila kusema na mtu, kisha nikaona ni haki. Edah hamjui Andati, hamjui Were, hamjui baba. Hawezi kushawishiwa na sura yangu. Atasoma kilicho mbele yake, na mbele yake sasa kuna maneno ya mtu mmoja akijieleza mwenyewe.

Kitabu kinakwenda kwa mchapaji mwisho wa Agosti. Pasipokuwa na kingine, Edah ataandika kwamba mkuu wa kituo cha Njia Panda kwa mwezi huo hajulikani. Ni neno lile lile lililofunga kesi ya uchunguzi wa kifo cha baba. Nilikuwepo mahakamani lilipotamkwa, na sitaki kulichapa.

Marundo mawili ya ukutani, Senge. Tafadhali.

Ishaq


Nairobi,
9 Juni 1997

Senge,

Sijapata barua yako tangu Februari. Nilimpigia simu yule Mhindi wa hadwea, akaniambia nyote ni wazima, kwamba Kukhu alilazwa kwa malaria akatoka, na kwamba ulipita dukani kwake asubuhi hiyo hiyo ukanunua misumari. Kwa hiyo najua mikono yako ni mizima.

Ulikuwa huna desturi ya kukaa kimya. Kama nimekukosea, nikosoe kama zamani, kwa sauti.

Ishaq


Ekero,
29 Juni 1997

Ishaq mwanangu,

Aleikum salaam. Mikono ni mizima, asante kwa kuuliza kwa Mhindi. Malaria ya Kukhu ilikuwa ya kweli: siku sita hospitalini, damu chupa moja, na wa kumtolea alikuwa mimi. Sasa anakula obusuma, ugali wake, peke yake na anadai chumvi. Laila amekuwa wa nne kati ya hamsini na mbili, na hesabu amenizidi, jambo ambalo halinifurahishi kama linavyopaswa. Magazeti yamepanda bei tena, na wanaonunua wamepungua, ila wanaokuja kusoma bure mezani wameongezeka. Nimepigilia ubao wa kuwazuia. Ndiyo kazi ya ile misumari.

Kuhusu karatasi zako, stoo ni kubwa na mimi ni mmoja.

Hebu nijibu kitu kwanza. Kitabu kikiandika kwamba fulani ndiye alikuwa mkuu siku ile, na fulani huyo hakuinua mkono wake, watu watasoma kwamba aliua? Na kama fulani huyo aliwahi kumfaa mtu, akamfaa sana, mtu huyo ambaye hana mume wala ndugu wa kiume aliyebaki, hilo nalo lina mstari wake wa chini? Au mnaandika mabaya tu?

Jibu ukipata nafasi. Sina haraka.

Asiya


Nairobi,
13 Julai 1997

Senge,

Namshukuru Mungu kwa Kukhu, na kwako kwa ile chupa ya damu. Mpe Laila hongera zangu, na wewe umpe zako.

Kitabu hakitasema nani aliua. Hatujui nani aliua. Kitasema nani alikuwa mkuu siku hiyo, na tumejuaje. Mtu akitaka kuuliza zaidi, ataanzia hapo, na atakuwa na mtu wa kumuuliza. Mema ya watu hatuyaandiki, na mabaya yao pia hatuyaandiki. Tunaandika vyeo na tarehe. Ni kazi baridi, nakubali.

Mimi nilikuwa bwenini, kidato cha nne, karibu na mtihani wa kwanza wa muhula. Hakuna aliyeniambia mpaka mazishi yalipokwisha. Tangu siku hiyo kila mtu ananiambia anachokijua juu ya usiku ule, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia amejuaje.

Sikukuomba gazeti la Andati. Nilikuomba gazeti la Machi. Kama unalo na hutaki nilione, nambie hivyo na sitakulaumu, ila usiniambie stoo ni kubwa.

Ishaq


Ekero,
27 Julai 1997

Ishaq mwanangu,

Bismillah. Tuko wazima sote, na leo habari za nyumbani zitangoja mwisho.

Karatasi imo ndani ya bahasha hii, kati ya kadibodi mbili za sabuni. Nimeituma kwa rejista, na stakabadhi ninayo. Ni karatasi nzima, mbele na nyuma, na sijaiandika kitu. Ninakuandikia hapa yote anayoyataka Edah, ili asiseme wa Ekero hawajui kazi.

Niliipata tarehe 2 Aprili, katika rundo la pili la ukutani. Kulikuwa na nakala kumi na tisa za siku moja, zimekatwa vichwa, zimefungwa kamba ya kiwandani ambayo haikufunguliwa. Nikashangaa, maana nakala kumi na tisa hazijawahi kunibaki kwa siku moja. Halafu nikakumbuka. Ni Jumatatu ya matanga, siku ya tatu baada ya kumzika baba yako. Mzigo wote, siku hizo bado mdogo, ulishushwa kama kawaida na mimi sikufungua meza. Niliporudi kazini nilikata vichwa nikapeleka Kisumu, nikarusha kiwiliwili stoo. Ndilo gazeti pekee nililowahi kulipokea ambalo sikulisoma.

Kichwa chake hakipo, lakini tarehe yake ni 15 Machi 1993. Nyuma ya karatasi, tangazo la pili kutoka chini, kuna marehemu atakayezikwa "kesho Jumanne, Machi 16." Pembeni yake kuna saa za futari ya siku ya ishirini na moja, na sisi tulianza kufunga Jumanne ya tarehe 23 Februari, hesabu mwenyewe. Ukurasa ni wa kumi na tisa na wa ishirini: namba zilikwenda na panga, lakini nimehesabu karatasi kutoka mbele, na kutoka nyuma pia. Toleo ni la kwanza, lenye habari za Magharibi. Yale ya mjini wewe unayo maktaba, yaweke kando yake uone tofauti.

Sasa picha ya mbele. Inspekta Were, sare kamili, anampa kombe nahodha wa timu ya mpira wa wasichana. Chini yake imeandikwa kwamba OCS wa Njia Panda alitoa kombe hilo "juzi Jumamosi," na kwamba aliwaaga wanamichezo kwa kuwa ataondoka mwisho wa mwezi, na nafasi yake itachukuliwa na Inspekta Lazarus Andati, aliyefika juma lililopita kujitambulisha.

Jumamosi hiyo ni tarehe 13. Baba yako alikufa kuamkia tarehe 12.

Edah atauliza kama hiyo "juzi" ni juzi kweli au ni mwandishi mvivu. Nahodha yule sasa ni fundi cherehani hapa hapa sokoni. Nilimwendea tarehe 5 Aprili bila kumwonyesha karatasi. Alisema kombe walipewa Jumamosi, mimi nikiwa matangani, na aliyewapa alikuwa Were. Kuhusu kuaga hakumbuki. Jina lake hataki liandikwe, kwa hiyo mwandike nahodha.

Kwa hiyo nimekaa na karatasi hii tangu Aprili, na wewe ulikuwa sahihi kwamba stoo si kubwa kiasi hicho. Sikukaa nayo kwa woga. Unaijua meza yangu ilipokuwa: ukutani mwa kituo cha polisi, chini ya bati lao, mahali ambapo wafanyakazi wote wa zamu wa kiwanda wanapita, na ambapo askari wa kanjo, wale wa baraza, hawajanigusa miaka minne huku wenzangu wakifukuzwa kila mwezi. Kila anayeniuliza nimefikaje hapo nimemwambia nimejisimamia mwenyewe. Nimejisimamia, lakini mahali pale alinipa Were. Alikuja nyumbani wiki mbili baada ya mazishi, akasema mke wa Abdulfatah alishatangulia miaka mingi, mama ni mzee, sasa nyote mnamtegemea nani? Akasema nihamishie meza ukutani. Nikamwombea dua hapo hapo, mbele ya Kukhu.

Barua yako ilipofika nilingoja Alhamisi. Akaja kama kawaida, akanyoosha mkono kwa gazeti la siku. Nikampa hili.

Alilisoma akiwa amesimama, lote, hadi matangazo ya trekta. Akasema, "Hii umeipata wapi?"

"Stoo."

"Haina tarehe."

"Geuza nyuma, afande. La pili kutoka chini."

Akageuza. Wanunuzi wawili wakaja nikawahudumia, yeye bado anatazama yule marehemu wa watu. Kisha akasema polepole, "Mama Laila, mimi sikumgusa."

"Hilo sijakuuliza. Nakuuliza funguo za seli usiku ule zilikuwa kwa nani."

Akatazama juu, bati lote, nguzo kwa nguzo. "Na hapa unapouzianga, nani alikupa?"

"Wewe," nikamwambia. "Ndiyo maana imenichukua tangu Aprili."

Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Nadhani alifikiri nitaing'ang'ania. Nikamwambia achukue tu, kumi na nane zimebaki nyumbani. Akaondoka bila gazeti la siku. Jumatatu yake nilihamisha meza, sasa niko upande wa pili wa barabara, mkabala na bucha. Jua linanipiga hadi saa saba na mauzo yameshuka kwa thelathini. Yatarudi. Nilikwisha kuyatoa tano nikayafikisha mia na arobaini, hii thelathini si kitu cha kunitisha.

Yaandike mazungumzo hayo pia: tarehe 17 Julai, mezani, kwa Asiya. Na safari hii jina langu liwe kamili, Asiya binti Mubarak, muuza magazeti, Ekero. Mwambie Edah aweke kwamba mimi ni dada wa marehemu, ili yule wakili wenu asije akaligundua yeye akadhani tulilificha.

Si kwamba Andati nimemsafisha. Alikuwa anafokea wapita njia na nadhani bado anafokea huko aliko. Lakini usiku ule alikuwa mgeni, hakuwa na kitu mkononi, na mimi kwa miaka minne nimemtaja kwa kila aliyenisikiliza. Were alikuja kwenye mazishi bila sare, nikamsoma vibaya, nikawapa watu wote nilichosoma. Wale niliowakumbuka nimeanza kuwarudia.

Habari ya nyumbani ni hii. Nilimwachia Kukhu kuwa wa mwisho, nikamwambia juzi baada ya alasiri. Unajua mwenyewe: tangu Machi ile hajanyanyuka kutoka kwenye msala bila kumsomea Andati dua ya laana, kila swala, kwa jina lake na la kituo chake. Nilimweleza yote, gazeti, kombe, tarehe. Nilipomaliza akaniambia nilitaje tena jina. Nikamtajia Were. Akalitamka yeye mwenyewe, mara mbili, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu.

Kisha akaniuliza, "Na yule mwingine? Nimemsomea miaka minne. Hayo nayatoa vipi?"

Nikamwambia nitakuuliza wewe, kwa kuwa kurekebisha mistari ndiyo kazi yako. Sasa ninapokuandikia amekwisha kuswali magharibi. Bado ameketi juu ya msala, mikono ameiinua, na hajataja jina la mtu yeyote.

Senge wako,
Asiya binti Mubarak